Manjano Yanayong'aa

Mama Manjano alimfokea mwanawe hadharani, tena si kufokea kwa kunong'ona. Alitoka hospitali moja kwa moja, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, akasimama mbele ya kibanda cha betri, mikono kiunoni, pumzi juu juu.

"Inuka hapo!" alisema. "Inuka nikuone vizuri. Nilidhani nimezaa fundi, kumbe nimezaa balaa!"

Mwanawe alikuwa amechuchumaa mbele ya betri ya lori aliyoibandua kifuniko, anang'oa vya ndani kwa koleo. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mama yake alimwita hivyo siku za hasira. Jana yake ndiye aliyembeba binti yake mbio mpaka hospitali, mtoto amekakamaa mikononi na macho yamegeuka, na asubuhi hii alitolewa wodini kwa kuwa wodi ya watoto ilikuwa ya akina mama tu. Aliinuka haraka.

"Mama, Chiriku kafanyaje?"

"Kafanyaje! Ati anauliza!" Mama Manjano aliwageukia watu, maana watu hawakukosekana: mama muuza chai, wauza viatu vya mitumba, na yule dereva wa pikipiki waliyemwita Breki kwa sababu pikipiki yake haikuwa nazo. "Mtoto ana risasi kwenye damu. Mimi niliposikia risasi nikauliza, nani kampiga mjukuu wangu? Manesi wakacheka. Si ya bunduki, bibi, ni madini, yale yaliyomo kwenye betri. Kisha daktari akauliza, nyumbani kuna anayefanya kazi ya betri? Nilitamani ardhi ipasuke. Ikabidi niseme ndiyo, yupo, nimemzaa mwenyewe!"

"Mama," alisema Breki, "punguza sauti kidogo, utamkimbizia wateja."

"Na yeye atanikimbizia mjukuu!"

Mama muuza chai aliacha kumimina, birika likabaki hewani. Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, weusi ule usiotoka kwa sabuni, na kwa mikono hiyo alikuwa akimrusha mtoto juu kila jioni na kumdaka. Akaifuta kwenye suruali, kisha akaitazama suruali yenyewe, akaona hakuna alichofuta. Habari yenyewe iliingia akilini, na mama yake alikuwa na sauti.

Damu yake nayo ilipimwa, ikakutwa na risasi tele, kama ambavyo ya fundi betri yeyote ingekutwa. Basi, kesi ikafungwa. Pale nyumbani, vyumba viwili na kibaraza, kila mtu akajua mkosaji ni nani.

Kwanza alitakiwa aoge nje, nyuma ya choo, kabla hajakanyaga ndani. Akaoga. Kisha nguo zake za kazi zikatiwa kwenye gunia na gunia likatundikwa ukutani, nje. Akakubali. Kisha ikatengwa sahani yake, na kikombe chake, na Mama Manjano akawa anampitia nyuma na tambara bichi, anafuta kila alipokanyaga, huku akizungumza na tambara: "Futa, mwenzangu, futa. Baba wengine huwaletea watoto peremende, sisi tunaletewa sumu." Fundi akawa anakula kibarazani, uso ameuelekeza ukutani.

Chiriku alirudi nyumbani baada ya kutibiwa. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema hata kabla ya kutembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza: alisema na kuku, alisema na ndoo, alimuuliza kila mpita njia anakwenda wapi na anakwenda kufanya nini. Mtoto aliyerudi hakuuliza kitu. Alikaa mkekani, mikono tumboni, uso umepauka, na akiitwa aligeuka taratibu kana kwamba anaitwa kutoka mbali. Daktari alikuwa amewaambia bila kuzunguka: sumu hii inaharibu akili ya mtoto, na kadiri itakavyokaa mwilini ndivyo atakavyopoteza zaidi, na mengine atakayopoteza hayatarudi.

Siku hiyo Fundi alisimama mlangoni, amejisugua mpaka ngozi imekwaruzika.

"Chiriku," aliita. "Njoo kwa baba."

Mtoto alinyanyua mikono. Mama wa mtoto akaiwahi, akaishusha.

"Usimguse," alisema. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. "Baba Chiriku, mimi sikuchukii. Lakini kalale kibandani. Mpaka apone. Nakuomba."

"Nikalale na betri?"

"Wewe na betri mmezoeana. Huyu hajazoea."

Mama Manjano, aliyekuwa jikoni akisikiliza kila neno, alikohoa kikohozi cha kuunga mkono. Fundi alichukua blanketi na mto, akatoka. Ilikuwa mchana kweupe, na njia ya kwenda kibandani ilipita mbele ya milango ya watu wote. Hakuna aliyeuliza anahamia wapi. Walishajua.

Sasa, usimwone Mama Manjano mtu mbaya. Alikuwa mtu wa watu. Meza yake sokoni ilibeba ukoo mmoja tu wa mimea, ule wa tangawizi: tangawizi mbichi na kavu, manjano, iliki, na khulinjani kwa wenye kikohozi sugu. "Hawa ni ndugu wa tumbo moja," alipenda kusema, "wamegombania ladha tu." Mjamzito mwenye kichefuchefu alipewa tangawizi ya kuchemsha, na akaambiwa asizidishe. Aliyejaa gesi alipewa iliki atafune. Mwenye tumbo linalosokota, mwenye kidonda kisichofunga, mama aliyejifungua, hao walipewa manjano. Hakujitapa kwamba anatibu kila kitu. Ukimjia na homa kali alikufukuza: "Mimi nina mizizi hapa, sina sindano. Nenda hospitali!" Kwa hiyo watu walimwamini, na walikuwa na sababu ya kumwamini.

Manjano aliyajua kwa jicho. Hakununua unga, alinunua makavu, mazima, akayachagua kipande kwa kipande. Kwake yeye nguvu ya manjano ilikuwa kwenye rangi: kadiri yanavyong'aa ndivyo yanavyotibu. Yaliyofifia aliyasukuma pembeni kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Na katika kila gunia, kabla hajampimia mteja yeyote, aliyatoa yale yaliyong'aa kuliko yote akayatia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Kopo hilo halikuuzwa hata kwa rafiki. Lilikuwa la Chiriku.

Asubuhi alitwanga kipande kwenye kinu kidogo, akachekecha, akakoroga kijiko kwenye maziwa ya vuguvugu. Mtoto aliyapenda kupita kiasi. "Bibi, cha njano!" ndiyo ilikuwa salamu yake akiamka. Tumbo lilipoanza kumsumbua, miezi michache iliyopita, bibi aliongeza kijiko. Lilipozidi kumsumbua, akaongeza kikombe cha jioni. Bibi gani mwenye dawa mkononi angekaa tu?

Daktari alikuwa ameagiza mtoto asipewe kitu chochote zaidi ya chakula na dawa ya hospitali. Mkwe wake, mama yake Chiriku, alilishika agizo hilo kwa mikono miwili. Mama Manjano alilisikia pia, ila aliona linawahusu watu wanaowapa watoto vitu vya ajabu ajabu. Manjano si kitu cha ajabu. Basi mkwe alipokwenda bombani asubuhi na ndoo zake, yeye alifungua kopo.

"Kunywa, mke mwenzangu," alimnong'oneza mjukuu, kwa utani wao wa siku zote. "Kunywa, hii itakusafisha yote aliyokutia baba yako."

Zamani Chiriku angejibu, "Mume wetu yuko wapi?" na wangecheka wote wawili. Sasa alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, hakusema kitu.

Waliporudi hospitali kwa kipimo cha pili, daktari aliitazama karatasi ya maabara, akaiweka chini, akaichukua tena. Alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, asiye na muda wa kubembeleza.

"Baba wa mtoto amerudi nyumbani?"

"Hajakanyaga," alijibu mkwe. "Analala kazini."

"Hata kuja kumsalimia?"

"Husimama ng'ambo ya barabara. Anampungia mkono." Sauti ilimkatika hapo, akajifanya anamfunga mtoto vifungo vya gauni.

"Basi nisaidieni, maana mimi nimechanganyikiwa," alisema daktari. "Tulimruhusu risasi ikiwa imeshuka. Leo iko juu kuliko siku ile aliyoletwa na degedege. Baba hayupo. Kwa hiyo sumu imo ndani ya nyumba, na kuna mkono unaompa."

"Mkono wa nani?" Mama Manjano alidakia. "Daktari, angalia kauli yako. Ndani ya nyumba ile kuna mama yake na mimi."

"Simtuhumu mtu, bibi. Nauliza, anakula nini ambacho nyinyi hamli?"

Mkwe aligeuza shingo, akamtazama mama mkwe wake. "Mama, si humpi kitu?"

"Nimpe nini mimi?"

Lilimtoka haraka. Na si kwamba alijua anaficha sumu, hasha. Alidhani anaficha ukaidi tu, ile aibu ndogo ya mtu mzima kukutwa hakusikia alichoambiwa. Akatazama dirishani, na hakuirudisha kauli yake ingawa nafasi ya kuirudisha ilikuwapo.

"Mtoto analala hapa," alisema daktari. "Nendeni mkaniletee kila kinachoingia mdomoni mwake. Maji, unga, sufuria, mwanasesere anayemtafuna, kila kitu. Nitavipeleka vikapimwe."

"Na msipokiona?" aliuliza mkwe.

"Tusipokiona, mimi nitakuwa namtoa sumu na nyinyi mnamrudishia, mpaka degedege jingine. Na la pili, mama, sitaki kukuambia linaweza kufanya nini."

Nyumbani mkwe alikusanya vitu kwenye beseni kama mtu anayehama: chupa ya maji, unga wa uji, chumvi, kijiko, sufuria, mwanasesere asiye na mguu. Alifika kwenye rafu ya mama mkwe wake akasita.

"Mama, na yale manjano ya kopo? Aliyokuwa akinywa zamani?"

"Manjano!" Mama Manjano alishika kifua. "Sasa nami nimekuwa wa kupimwa? Wewe mwenyewe ulipojifungua ulikunywa nini? Si haya haya ndiyo yaliyokusimamisha?"

"Kasema kila kitu, Mama."

"Tangulia. Nitayaleta kwa mkono wangu. Wasije wakasema yameibwa njiani."

Mkwe hakubishana. Alijitwisha beseni, akaondoka.

Mama Manjano alibaki na hasira yake. Mambo gani haya! Mtu ameponya mtaa mzima, leo anapelekwa maabara kama mkojo. Sawa, watayaona. Lakini kama manjano yake yanakwenda mbele ya watu wa makoti meupe, hayaendi na vumbi, wakapata la kusema. Wafanyabiashara hawayaoshi manjano makavu. Maji yanayaletea ukungu, na yeye katika maisha yake yote ya soko hakuwahi kuyatia kwenye maji yakiwa mazima. Haya, hata hivyo, hayakuwa ya kurudi kwenye kopo. Akateka maji katika bakuli jeupe, akamwaga vipande vyote ndani, akaanza kuvisugua kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine, kama anayemwogesha mtoto wa kupelekwa ugenini.

Maji yakageuka njano. Hilo halikumshtua, manjano hutoa rangi. Ila aliendelea kusugua na rangi ikaendelea kutoka, nzito kama ya kupaka mlango, na alipoinua kipande cha kwanza akitazame, hakukitambua. Kilikuwa cha kahawia, kimesinyaa, kimefifia. Akainua cha pili. Hivyo hivyo. Cha tatu. Mkononi mwake alikuwa ameshika manjano yale yale ambayo angeyasukuma pembeni.

Akavuta kigoda, akakaa, akasubiri maji yatulie. Chini ya bakuli palibaki tope la njano, linang'aa kweli kweli. Alilichota kwa ncha ya kidole, akalisugua kati ya vidole viwili. Laini mno. Unga wa mzizi una chembe, hata uuchekeche vipi. Akalileta puani. Manjano angeyatambua kwa harufu akiwa usingizini, ule mnuko wa udongo na pilipili. Tope lile halikunuka kitu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake jikoni. "Mungu wangu, ni mimi."

Vijiko vyote vilimrudia. Cha asubuhi, cha jioni, cha kuongeza, cha kusafisha. Tumbo linauma, ongeza. Linauma zaidi, ongeza zaidi. Mtoto ananyamaza siku hadi siku na yeye anamkorogea.

Nyumba ilikuwa tupu, na mtaro ulikuwa hapo nje tu. Angemwaga bakuli, akachukua vipande vilivyofifia vya gunia la zamani, akavipeleka, vikapimwa vikaonekana safi, na jina lake lingebaki jina. Betri zingebeba lawama, nazo zilikwisha kuizoea. Usidhani hakuyawaza hayo. Aliyawaza, tena alifika nalo bakuli mpaka kizingitini. Hapo akakiona kikombe cha Chiriku kimetundikwa msumarini, kile cha plastiki, kilichogeuka njano ndani na hakitakati tena. Akarudi, akamimina maji yale kwenye chupa, tope na vyote, akakaza kifuniko.

Ghala alikonunua manjano lilikuwa njiani. Mwenye ghala, mtu mnene wa maneno laini, alimwona mlangoni akafungua mikono.

"Mama Manjano! Umekuja wakati mzuri. Mzigo umeingia leo, unang'aa huo, nilikuwa nishakuwekea gunia lako kabla hawajaja wenye kelele..."

Mama Manjano aliweka chupa juu ya mizani yake. "Hii nini?"

Mwenye ghala aliitazama. Hakuuliza imetoka wapi wala ina nini ndani, na Mama Manjano akapata jibu lake hapo hapo.

"Rangi tu hiyo, Mama," alisema, sauti imeshuka. "Wanayazungusha kwenye pipa na unga kidogo wa rangi, yapate sura. Ni huko huko yanakotoka. Mimi sipaki kitu."

"Rangi ya nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Rangi. Wote wanafanya."

"Na hukuniambia."

"Tusilaumiane, Mama." Alitazama nyuma yake kama kuna anayesikiliza. "Mimi nilikuwa nakuletea ya kawaida. Umesahau? Ukanirudishia gunia zima, ukasimama hapo hapo uliposimama, mbele za wateja wangu, ukasema nauza takataka, yamepauka, niletee yanayong'aa au unahama. Sikutaka uhame. Nikakuletea yanayong'aa."

Mama Manjano alikuwa na matusi ya kumtosha mtu yule na ukoo wake wote. Akachukua tu chupa yake kutoka kwenye mizani. Gunia lile alilikumbuka. Alilikumbuka vizuri, na alikumbuka jinsi alivyolinusa, na lilivyonukia, na alivyolikataa kwa sababu ya sura.

Majibu ya maabara hayakuchukua muda. Daktari aliwaita wote wawili, mkwe na mama mkwe, kwenye chumba chake chenye viti viwili na mizani ya watoto.

"Ni hii," alisema, akagusa chupa. "Rangi hii imetengenezwa kwa risasi. Manjano yenyewe hayana kosa, bibi, naomba unielewe. Mimi pia nyumbani natumia. Kosa ni walichoyapaka."

"Lakini alikwisha kuacha kuyanywa," alisema mkwe. "Tangu ulipotukataza."

Daktari alimtazama bibi. Ilikuwa zamu ya mtu mwingine kusema.

"Hakuacha," alisema Mama Manjano. "Nilikuwa nampa ukienda bombani."

Alisubiri apigwe kelele. Angependa apigwe kelele, kelele alizizoea. Mkwe alimtazama tu, machozi yanamtiririka bila sauti, na iliposikika sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ulikuwa unamfuta nyuma kwa tambara, Mama. Mwanao."

"Najua."

"Hapana, hujui. Mimi ndiye niliyemshusha mtoto mikono." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nenda kamwite. Nenda wewe."

Mama Manjano aliinuka, akashika kitasa, akageuka. "Daktari. Atasema tena?"

"Sumu ikiacha kuingia, dawa itaitoa. Kilichokwisha kuharibika siwezi kukiahidi. Tutajua polepole."

Kwenye kibanda cha betri kulikuwa na watu wale wale, kana kwamba walikuwa wakimsubiri. Mama muuza chai na birika lake. Wauza viatu. Breki amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anangoja betri ya pikipiki yake ijae chaji. Nyuma, kwenye pembe, blanketi la Fundi limekunjwa vizuri juu ya mto.

Fundi alipomwona mama yake alisimama, akarudi nyuma.

"Usinikaribie, Mama. Sijaoga."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote aliyoyasikia siku ile.

"Chiriku kafanyaje?" aliuliza Fundi.

Angeweza kumvuta kando. Kulikuwa na uchochoro hapo, na watu wangejifanya hawaoni. Lakini alimfokea mbele ya watu, akaona hana haki ya kumnong'oneza. Aliweka mikono mahali pale pale, kiunoni, kisha akaona haifai, akaishusha.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Siku ile nilisimama hapa nikasema huyu ndiye aliyemtia mtoto sumu. Si yeye. Ni mimi. Manjano yangu yamepakwa rangi, na rangi hiyo ni risasi, na mimi nilimkorogea mjukuu wangu asubuhi na jioni. Daktari akanikataza, nikampa kwa siri. Fundi hana kosa. Mwanangu, huna kosa. Nisamehe, na kama huwezi leo, basi siku utakayoweza."

Fundi aliishika meza yake ya kazi kwa mikono yote miwili.

"Mama." Alikuwa Breki. Amesimama kutoka kwenye ndoo. "Unasema manjano yako. Yapi?"

"Yote ya mizigo ya karibuni. Yanayong'aa."

"Mke wangu alipojifungua ulimpa."

"Nilimpa."

"Ya mzazi, ulisema. Anywe kwenye maziwa, arudishe nguvu."

"Nilisema. Breki, kimbia nyumbani, chukua yote yaliyobaki, asinywe tena hata tone. Yalete kwangu."

Breki alitia mkono mfukoni, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa kunjwa, wenye unga wa njano kwenye pembe zake. Akaugeuza juu chini. Haukudondosha kitu.

"Yalikwisha jana," alisema. "Kanituma nije unijazie."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, Mama."

"Wapeleke wote wawili hospitali. Sasa hivi. Mwambie daktari wa watoto nimekutuma mimi, mwambie na sababu."

Breki, mtu ambaye hata msibani alikuwa na utani wake, aliirukia pikipiki. Fundi alikuwa tayari ameichomoa betri kwenye chaji na kuifunga kwenye pikipiki, vidole vinakwenda mbio. "Wahi," alimwambia. Pikipiki ikaondoka. Mama muuza chai alikuwa ameshatua birika chini, anatazama vikombe vyake.

"Na tangawizi yako?" aliuliza kwa woga. "Ninayotia humu?"

"Tangawizi nakuuzia mbichi, ina ngozi yake na udongo wake. Hiyo haina neno." Akafikiri. "Lakini nayo ipeleke ikapimwe. Usiniamini mimi."

Fundi alimimina maji kutoka kwenye galoni, akaosha mikono kwa sabuni ya unga, akaiosha tena, akavua shati la kazi akalitupa ndani ya kibanda. Kisha akamsogelea mama yake, akamkalisha kwenye ile ndoo ya Breki, maana aliona anayumba.

"Nataka kwenda kwa Chiriku," alisema. "Naye mama yake anajua?"

"Ndiye aliyenituma. Nenda, mwanangu. Kambebe."

"Na wewe?"

"Mimi nina wateja."

Fundi alimtazama mpaka akamwelewa. Akachuchumaa mbele yake, kama alivyozoea kuchuchumaa mbele ya kazi ngumu.

"Ni wengi, Mama?"

"Wengi."

"Unawakumbuka?"

Jina la mtu lilikuwa likimpotea siku hizi, lakini ugonjwa alioletewa mezani haukumpotea hata mmoja. "Mwenye kidonda cha mguu, nyuma ya shule," alisema. "Mama wa mapacha. Yule mzee wa tumbo, na mkewe, maana naye alianza kuyanywa. Mshonaji. Watoto wa mshonaji." Hapo akaanza kulia, na aliendelea kuwataja huku analia. "Na yule binti mwenye mimba ya kwanza, wa ile nyumba ya bati. Aliniomba nimchagulie yanayong'aa zaidi. Nikafungua kopo la Chiriku, nikamgawia."